Mama Aliposimama kwenye Njia ya Nyumbu

Sisi tuliopenda mbio za magari ya nyumbu tulikuwa tunaona kipande kidogo tu cha mwisho. Ninalisema hili mapema ili mtu asidhani nilishuhudia zaidi ya nilivyoshuhudia. Magari yalianza kushindana Nduruma, baada ya kuvuka mto, na sisi tulisimama huku mjini, mbele ya duka la tajiri mwenye magari, tukitazama vumbi. Vumbi likipanda juu ya mashamba ya upande wa Moshono, ubishi ulianza. Vumbi jembamba lililonyooka lilikuwa la shemeji yangu, maana nyumbu wake walikimbia kwa mpango, kama watu wanaoimba pamoja. Vumbi lililotapakaa lilikuwa la dereva mmoja wa Nduruma, kwa sababu nyumbu wake walipenda kuvutana. Kisha magari yalitokea kwenye kona, yakaja moja kwa moja mpaka kwenye kamba ya mgomba iliyokatiza barabara, na la kwanza kuikata ndilo lililoshinda. Yote ya kabla ya ile kona tuliyajaza wenyewe kwa midomo, na tuliyajua vizuri kuliko waliokuwa wameketi juu ya magari.

Kamba ilifungwa upande mmoja kwenye nguzo ya duka. Upande wa pili niliishika mimi.

Hawakunichagua kwa akili. Nilikuwa nimesoma kwa wamisheni miaka michache, nikatoka kabla ya kumaliza, nikawa mshona magunia dukani kwa yule tajiri. Walinichagua kwa sababu siku moja magari mawili yaliingia pamoja, kila mtu akawa anajua kwa hakika nani alitangulia, na nilipoulizwa mimi nilisema sijui. Wakacheka sana. Halafu wakasema huyu asiyejua ndiye apewe kamba. Toka hapo wakawa wananiita Bwana Mizani, kwa heshima kidogo na dhihaka nyingi, na haki niseme, nilipenda vyote viwili.

Ilikuwa zamani za Mjerumani, reli imeshafika Moshi lakini huku kwetu haijafika, kwa hiyo chumvi, vitambaa, mabati na misumari vyote vilikuja kwa magari ya nyumbu na ya ng'ombe. Madereva walikuwa wa mshahara, walilipwa kwa kila safari. Mwanzo walishindana kwa utani, wa kwanza kufika apakuliwe kwanza akapumzike. Tajiri alipoona watu wanakusanyika na kununua vitu huku wakingoja, akaanza kutoa zawadi, mara blanketi, mara kofia. Mbio zikawa kazi. Sisi nasi tukawa na kazi ya kuzitazama.

Ubaya ni kwamba shemeji yangu alishinda kila mara.

Alikuwa amemwoa dada yangu mdogo, na alikuwa mtu mpole, hata kwa nyumbu. Hakupiga, alizungumza nao. Alishinda pasipo kelele wala hatari, na mpaka leo sijui kama hilo linatosha kuitwa kosa, lakini sisi tulianza kulihesabu kuwa kosa. Kinyozi, ambaye kiti chake kilikuwa kwenye kibaraza cha duka, ndiye aliyekuwa na mdomo zaidi.

"Mbio ambazo mshindi unamjua kabla sijamaliza kukunyoa upande mmoja, hizo si mbio," alisema. "Hiyo ni safari. Mtu anatoka Nduruma, anafika mjini. Hata bibi yangu anafika."

"Bibi yako anafika lini?" akauliza mama aliyeuza togwa pale kando.

"Anafika! Na akifika wa kwanza siku moja tu, nitapiga kelele mpaka boma wanisikie. Huyu shemeji wa Bwana Mizani akifika, mimi najikuna."

"Wewe una wivu. Watu hawatoki Moshono na watoto mgongoni kuja kutazama vumbi. Wanakuja kumtazama yeye. Siku akishindwa, nani atakunywa togwa yangu?"

"Siku akishindwa watakunywa na mtungi wenyewe."

Palikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa askari, mguu wake mmoja haukukunjika. Huyo alitudharau sote. "Hamjui kitu," alisema. "Utamu uko mtoni. Gari limelala ubavu, nyumbu wamekaa majini kama wageni, dereva anatukana kwa lugha tatu. Nani mshindi, hiyo ni habari ya tajiri."

"Si uende ukakae mtoni?"

"Mguu."

"Basi tuachie sisi wenye miguu."

Dawa tulishaijaribu. Kwa maombi yetu tajiri alikubali gari la shemeji liongezewe gunia la chumvi ili mbio zilingane. Nililishona mwenyewe. Akashinda. Kinyozi akadai magunia mawili, na shemeji akacheka kutoka juu ya gari: "Niwekeeni na kinyozi juu yake, apate kuona njia."

Basi siku ile kwenye kibaraza wakanigeukia. "Na wewe, Bwana Mizani? Huyo ni mume wa dada yako. Sema kwa haki."

Nilitaka kusema kwa haki. Hilo ndilo tatizo langu, mtu akiniambia sema kwa haki huwa nasema dhidi ya wangu, nidhaniwe sina upande. Nikasema mbio zimepoa, ni kweli. Nikasema ningependa siku moja kitu kimsimamishe kidogo tu, hata mwiba, tuone kama anajua kumkimbiza mtu, maana siku zote yeye ndiye anakimbizwa.

"Amina," akasema kinyozi, na watu wakacheka, nami nikacheka.

Wakati huo nilikuwa najua kitu ambacho wao pia walikuwa wanakijua, ila wao hakikuwahusu. Tajiri alikuwa ameagiza motakaa. Ilikuwa njiani, imeshushwa pwani, na Mzungu mmoja fundi angekuja nayo, akae miezi kadhaa akimfundisha dereva mmoja wa kwetu kuiendesha. Tajiri alisema atakayekata kamba katika mbio za mwisho kabla ya masika ndiye atakayekaa na fundi. Wengine watabaki na nyumbu mpaka nyumbu wafe.

Shemeji aliitaka ile motakaa kwa namna ambayo sijaona mtu akitaka kitu. Hakujali kushindana. Dada alikuwa amejifungua mtoto mumewe akiwa njia ya Moshi, na alipomshika kwa mara ya kwanza mtoto alimlilia kama mgeni. Aliniambia siku moja tukipakua mizigo: "Wanasema motakaa inakwenda Moshi na kurudi kesho yake, shemeji. Nyumbu wananifanya mpangaji kwenye nyumba yangu. Nikiipata ile, mtoto atanijua."

Nikamwambia ataipata. Niliamini hivyo. Nani angemshinda?

Kwa kuwa niliamini hivyo, siku moja kabla ya mbio za mwisho nilipanda Sekei, mlimani juu ya mji, nyumbani kwa mama.

Mama yangu alikuwa ameanza kuona ukungu. Alimjua mtu kwa sauti na kwa mwendo, na mkwe wake hakumjua hata kwa hivyo, kwa sababu ya desturi. Kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso. Akimwona njiani yeye ndiye anayetoka, anaingia majanini, anageuza uso mpaka mama apite. Mama naye hufunika kichwa kwa shuka na kupita bila kumtazama. Si uadui, ni heshima, na ilikuwa nzito kuliko amri nyingi za boma. Tangu dada aolewe, mama alikuwa hajawahi kumtazama yule mtu sawasawa.

Nilimwinamia, akanigusa kichwani. Nikamwambia: "Yeyo, mama yangu, shuka mjini kesho ukaone mkwe wako anavyowaacha watu."

"Nikamwone? Una wazimu?"

"Hutamwona yeye. Utaona nyumbu na vumbi. Utasimama na wanawake nyuma ya mfereji, umejifunika, naye atapita kama upepo. Hatajua upo."

Alifikiri, kisha akacheka kidogo. "Na motakaa watampa siku hiyo hiyo?"

"Watamtangaza."

"Basi nitakuja nisikie jina lake likitajwa."

Niliwaza juu ya desturi, sikusahau. Niliona kwamba njia ina desturi zake na mbio zina zake, na kwamba mtu akiwa anashindana hayuko njiani kama watu wengine. Nilikuwa nimeshika kamba muda mrefu mno, nadhani, mpaka nikasahau kwamba ile barabara ni barabara.

Sheria zetu zilikuwa chache. Mtazamaji akae nyuma ya mfereji wa kando ya barabara. Asipige mluzi, asiite nyumbu, asimwambie dereva neno lolote la kumsaidia, na mwenye kamba ndiye asiseme kabisa. Tulizitunga baada ya kupata taabu. Siku moja mbuzi wa mtu aliingia barabarani akaziharibu mbio, tukakubaliana kwamba mtu au mnyama wa watazamaji akiingia njiani, mbio hazihesabiki, zinarudiwa safari nyingine. Niliwasomea sheria hizo siku ile kwa sauti, kama kawaida, mbele ya watu wote na tajiri akiwa mlangoni. Mama alikuwa amesimama na wanawake karibu na mama togwa, si mbali na mimi, shuka kichwani.

Vumbi likaonekana. Jembamba.

"Haya, nendeni nyumbani," kinyozi akasema. "Imekwisha."

"Nyamaza," akasema mama togwa, "jingine limefuata karibu. Tazama!"

Kweli lile lililotapakaa lilikuwa limefuata karibu kuliko siku zote. Watu walianza kusogea. Magari yakatokea kwenye kona, shemeji mbele, yule wa Nduruma nyuma yake kwa urefu wa magari matatu hivi. Kinyozi anasema yalikuwa mawili, naye anaweza kuwa sahihi. Nilimwona shemeji ameinama, anazungumza na nyumbu wake.

Hapo mama akavuka mfereji.

Baadaye wanawake waliniambia walimshika shuka akajitoa. Alisikia kishindo, ukungu wa macho ukamnyima kuona, akataka kusogea. Walipomwambia haruhusiwi, alijibu: "Barabara hii niliibebea mawe kichwani kutoka mtoni askari amenisimamia. Leo nani ananiambia nisisimame?" Wakamwachia, maana wengi wao walibeba mawe yale yale. Akasimama pembeni mwa barabara, si katikati. Gari lingepita bila kumgusa, na nafasi ingebaki.

Nilimwona shemeji anamwona. Sijui alimtambuaje, na vumbi lile, na shuka ile. Pengine mtu anayekwepa uso miaka yote anaujua mwili wote uliobaki. Alivuta hatamu mpaka nyumbu wakainua vichwa, breki ikalia, akawageuza upande wa pili kwenye mahindi ya watu, akaruka chini, akayageuzia uso mabua. Alisimama hivyo, mgongo kwetu, mikono imeshuka, anangoja mama apite.

Lakini mama hakuwa na pa kupita. Alikuwa amekuja kutazama. Aliposikia gari limesimama na watu wamenyamaza alielewa ni nani, akajifunika uso wote, akageuka pembeni. Kwa desturi yeye ndiye alipaswa kutembea sasa. Atembee kwenda wapi? Mbele yake kamba yangu, nyuma yake nyumbu, na mfereji aliouvuka hakuuona tena. Akasimama. Naye mkwe akasimama. Kila mmoja alikuwa anamngojea mwenzake amalize heshima.

"Mama, rudi huku!" akapiga kelele mama togwa.

"Sheria! Sheria! Hakuna kusema!" wakapiga kelele wengine.

"Mama, pita!"

"Apite wapi, we mjinga!"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Ningesema neno moja, Yeyo, rudi, angeifuata sauti yangu, na shemeji angekuwa juu ya gari kabla nyumbu hawajatulia. Sikusema. Mwenye kamba hasemi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa pale pale na ndiyo ninayojipa sasa. Lakini nataka kuandika na hili, kwa kuwa nikiacha nitakuwa nimepunja kipimo: moyo wangu ulikuwa unapiga kwa furaha. Yule wa Nduruma alikuwa anakuja, nyumbu wake wamefungua midomo, watu wamepanda juu ya mapipa, hakuna aliyejua litatokea nini, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu zilikuwa mbio. Nilikuwa namtazama mama yangu amesimama na aibu barabarani, na mwili wangu ulikuwa unasisimka.

Yule wa Nduruma akapita. Kamba ikanitoka mkononi.

Kelele zilizopigwa pale sijazisikia tena. Yule mzee askari alikuwa anacheza kwa mguu mmoja. Watu walikumbatiana ambao hawakusalimiana asubuhi. Wanawake wakamvuta mama nyuma ya mfereji, na hapo tu ndipo shemeji alipogeuka, akawashika nyumbu lijamu, akawaleta dukani kwa miguu, taratibu, mahindi yamewaning'inia midomoni.

Tajiri akaniuliza: "Haya, mwenye kamba. Nani?"

Sheria ilikuwa wazi. Mtazamaji ameingia barabarani, mbio zirudiwe. Mtu mmoja nyuma akakumbusha habari ya mbuzi, na kinyozi akaruka: "Mama si mbuzi! Mnamlinganisha mama wa watu na mbuzi?" Watu wakacheka, ikawa kama hoja imekwisha.

Yule wa Nduruma mwenyewe alikuwa anajifuta jasho. Haki niseme juu yake: hakujitetea. Alisema, "Mimi niliona mama mzee pembeni, njia iko wazi, nikapita. Sikujua ni mkwe wa nani. Mkisema turudie, nitarudia."

Wote wakanitazama. Nami nikawa nasikia yatakayosemwa: Bwana Mizani amemwokoa shemeji yake. Bwana Mizani alimleta mama yake, na akaona mambo yamekuwa mabaya akazifuta mbio. Kama angekuwa mama wa mtu mwingine, na shemeji wa mtu mwingine, ningesema zirudiwe bila kupepesa. Kwa kuwa walikuwa wangu, nikasema: "Wa Nduruma. Hakuna kurudia."

Shemeji alikuwa anafungua nyumbu. Alisikia. Aliniuliza jambo moja tu: "Mama hakuumia?"

"Hakuumia."

"Basi."

Kinyozi alinishika bega akanikalisha kwenye kiti chake. "Leo wewe nakunyoa bure," alisema. "Mwiba ulisema, na mwiba umeuleta. Tena mwiba gani! Sisi tunahangaika na magunia ya chumvi, kumbe mwenzetu ana mama." Watu wakacheka, mmoja akanipa kibuyu cha togwa. Walikuwa wananisifu kweli. Walidhani nilipanga. Nilipaswa kusimama niseme sikupanga, lakini nilikuwa sina hakika ya kutosha kulisema kwa sauti, na kichwa kilikuwa kimeshatiwa maji. Nikakaa. Nikanyolewa mpaka mwisho.

Nilimwambia mama tu kwamba twende. Njia yote ya Sekei alishika mkono wangu akilalamika juu ya jambo moja, kwamba amemwaibisha mkwe mbele za watu kwa kumkuta njiani. Juu ya mbio hakuuliza. Alijua gari lilisimama, alisikia magari na kelele, lakini lipi lilikata kamba, na lini, macho yake hayakumwambia. Alikuwa amejifunika, na wanawake walishampeleka mbali na duka kabla sijatoa uamuzi. Sikumwambia. Nilisema moyoni ataambiwa na dada.

Siku chache baadaye shemeji alikuja na kondoo.

Niliona kwa mbali anamvuta kupitia migombani na nikajua. Kwetu heshima ya mkwe ikivunjika hurekebishwa kwa kondoo, na anayemleta ni yule aliyekosa. Alikuja kuomba msamaha. Yeye.

Hakuingia, hawezi kuingia. Alisimama nyuma ya zizi, mgongo kwa nyumba. Mama alikuwa ndani, mlango wazi. Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, lakini katika jambo la namna hii maneno hayaendi moja kwa moja, lazima yapite kwa mtu. Mtu huyo nilikuwa mimi. Kazi yake ni kuyarudia kama yalivyo, asiongeze, asipunguze. Unaweza kuona jinsi kazi ile ilivyonifaa.

"Mwambie mama," alisema shemeji, "vumbi la nyumbu wangu lilimwangukia. Nilikuja kwa kasi mahali alipo."

Nikaenda mlangoni. "Anasema vumbi la nyumbu wake lilikuangukia. Alikuja kwa kasi mahali ulipo."

"Mwambie vumbi limeshaoshwa. Mimi ndiye niliyesimama vibaya, macho yangu hayaoni. Kondoo nimempokea."

Nikarudi zizini. Nikasema. Alikuwa anatikisa kichwa kila neno, ameshalisikia. Nilitaka kusema yangu pale. Nilianza, "Shemeji, mimi..."

"Usichanganye maneno yako na ya mama," alisema pole pole. "Maliza kwanza."

Kutoka ndani mama akaongeza, na sauti yake ilikuwa imechangamka, ya mtu aliyesamehewa: "Na umuulize. Alishinda? Walimtaja?"

Nikamtazama shemeji. Hapo ndipo alipogeuza uso, akanitazama mimi, na sikuona hasira, ningefurahi kama ningeiona. Nilielewa kwamba dada naye hakusema, na kwamba alikatazwa.

"Akijua, hatatoka tena nyumbani," alisema kwa kunong'ona. "Utamuua kwa aibu." Kisha kwa sauti ya kusikika: "Mwambie nilishinda."

Nilitembea mpaka mlangoni. Safari ile ni fupi sana.

"Anasema alishinda," nikasema.

Sikusema alishinda. Nilisema anasema alishinda. Nimejifariji kwa hilo usiku mwingi, na kila mara nikimaliza kujifariji najiona mdogo kuliko nilivyoanza.

Mama alipiga kigelegele hafifu, cha mtu mzima anayejizuia. Shemeji alimfunga kondoo kwenye mti wa zizi, akashuka zake. Nilimfuata mpaka kwenye mfereji, nikamwambia ningeweza kuamua zirudiwe. Alisema, "Najua. Nilikuwa nangoja useme." Halafu akasema hata kama angejua mama amesimama pale kwa ajili ya kutazama tu, hata kama ningepiga kelele, angesimama vile vile, basi nisijisumbue. Alisema hilo ili kunipunguzia uzito. Halikupunguza.

Motakaa ikaja baada ya masika. Ilikuwa na kelele na haikuwa na haraka kama tulivyoambiwa, lakini hakuna nyumbu aliyeweza kuifukuza mpaka Moshi. Fundi alikaa na yule wa Nduruma, naye dereva akajifunza, akawa dereva mzuri na mtu wa adabu. Mbio za nyumbu zilikufa zenyewe. Kwa muda tulikusanyika bado pale dukani, kinyozi, mama togwa na mzee askari, tukingoja vumbi, lakini kulikuwa na motakaa moja tu, na ilishinda kila siku.

"Sasa huyu," alisema kinyozi, "huyu hata ukimpa chumvi yote ya pwani." Hakuna aliyecheka. Mama togwa alihamia sokoni.

Shemeji alibaki na nyumbu. Mtoto aliendelea kumlilia, baadaye akazoea kutomlilia, maana alikuwa hamngoji.

Ninalotaka kumalizia nalo ni hili. Mama alianza kupenda kushuka barabarani. Alikuwa anashika mkono wangu au wa mjukuu mmoja, tunasimama pale mfereji unapopita, na motakaa iliposikika kwa mbali alinyooka. "Huyo anakuja," alisema. Kisha alifunika kichwa kwa shuka, akatoka kabisa njiani mpaka kwenye nyasi, akageuza uso, akampa heshima yote ya mkwe yule mwanamume wa Nduruma aliyekuwa ameshika usukani. Mara ya kwanza dereva alishangaa. Sijui nani alimweleza baadaye, si mimi. Lakini siku nyingine zote alipofika pale alipunguza mwendo, akageuza uso upande wa pili kama inavyopasa, akapita taratibu vumbi lisimfikie.

Siku moja motakaa ilikuwa imepita hivyo, na mama bado amesimama kwenye nyasi, amejifunika, anatabasamu ndani ya shuka. Nyuma yake, katika vumbi lililobaki, likaja gari la nyumbu. Lilikuwa linakwenda polepole, limejaa mabati. Shemeji alituona. Akavuta hatamu, akawaingiza nyumbu pembeni, akashuka, akageukia majani.

Mama alisikia magurudumu yamesimama. "Nani huyo amesimama?" akaniuliza.

Walikuwa wote wawili wamenigeuzia migongo. Nyumbu mmoja alipiga chafya.

"Mwenye nyumbu," nikasema. "Anangoja tupite."

"Basi tupite," alisema mama, "tusimcheleweshe mtu na kazi yake." Akanishika mkono, nami nikamwongoza.